Konokono Wawili Katika Sanduku Moja

Msikilizaji, mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mnyama ambaye wengi tumezoea kumwona asubuhi ya mvua, amejibandika kwenye shina la mpapai au anakwangua jani la mchicha, na tukimwona hatuna shauri naye zaidi ya kumtupa nje ya shamba. Ni konokono mkubwa wa nchi kavu, yule mwenye gamba refu la kahawia lililochorwa mistari. Makao yake ya asili ni ukanda huu wetu, pwani ya Kenya na Tanzania. Lakini Uingereza mnyama huyuhuyu anafugwa sebuleni. Huwekwa katika sanduku la kioo au la plastiki lenye udongo mbichi, hupewa tango, kiazi kitamu na majani ya saladi, na siku za baridi huwekewa hata kijimkeka cha umeme cha kumpasha joto. Zipo shule za msingi zinazomfuga darasani ili watoto wajifunze kutunza kiumbe, na mtoto wa familia iliyohamia Leicester kutoka Mombasa anaweza kurudi nyumbani siku ya kufunga shule akiwa amekabidhiwa konokono wa darasa amtunze hadi likizo iishe. Hapo ndipo huzuka swali ambalo wafugaji hao hawaachi kuulizana: huyu mmoja, peke yake ndani ya sanduku, haoni upweke? Tusimtafutie mwenzake?

Swali lenyewe lina heshima yake. Anayeliuliza amekwisha kukubali kwamba konokono si pambo la mezani, kwamba ni kiumbe mwenye haja zake. Jibu langu, hata hivyo, halitamfurahisha kila mtu. Nashikilia kwamba konokono wa nchi kavu hana upweke wa kuponywa; kwamba anachokipata kwa mwenzake ni vitu vichache tunavyoweza kuvitaja kwa majina, yaani unyevu, njia na mbegu; na kwamba anayemwongezea mwenza kwa kumhurumia hujiongezea yeye mwenyewe kazi ambayo hakuipangia. Sisemi wawili wasikae pamoja. Nasema sababu ya kuwaweka pamoja ijulikane, kwa maana sababu ikikosewa, matunzo nayo hukosewa.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Konokono huyu, ambaye wataalamu humwita Lissachatina fulica, anaweza kufikisha gamba la sentimita 20, ingawa wengi hawafiki huko, na akitunzwa vizuri huishi miaka mitano, sita, au zaidi. Anaye ndugu wa Afrika Magharibi aliye mkubwa kuliko yeye. Mmoja wa ndugu hao, aliyeokotwa Sierra Leone mwaka 1976 na kufugwa Uingereza kwa jina la Gee Geronimo, aliingia katika vitabu vya rekodi kwa gamba la sentimita 27.3 na uzito wa gramu 900. Ukubwa huo usitudanganye. Macho ya konokono, yaliyo kwenye ncha za pembe zake mbili ndefu, yanapambanua mwanga na giza na si mengi zaidi ya hayo. Masikio hana. Dunia yake anaijua kwa kuonja, kunusa na kugusa. Binamu yake wa majini, konokono wa bwawani anayechunguzwa sana na wataalamu wa mishipa ya fahamu, ana seli za neva zipatazo 20,000, ilhali nyuki, ambaye maisha yake yote ni ya jamii, ana karibu milioni moja. Hesabu hiyo peke yake haithibitishi neno. Uchache wa neva haumzuii konokono kujifunza wala kukumbuka. Inatuonya tu kwamba tukitaka kumpa mnyama huyu urafiki, huzuni na hamu ya kuonana, tuwe na ushahidi mkononi.

Wanaopinga wanao ushahidi, na shahidi wao si mtu mdogo. Charles Darwin, katika kitabu chake The Descent of Man cha mwaka 1871, anasimulia habari aliyopewa na mtazamaji aliyemwamini, bwana aitwaye Lonsdale. Bwana huyo aliwaweka konokono wawili wa aina inayoliwa Ulaya katika bustani ndogo isiyokuwa na chakula cha kutosha. Mmoja alikuwa mzima, mwingine dhaifu. Baada ya muda mfupi yule mzima akatoweka, na mchirizi wa ute wake ukaonyesha kwamba alipanda ukuta na kuingia bustani ya jirani iliyosheheni majani. Bwana Lonsdale akadhani mgonjwa ametelekezwa. Kumbe baada ya saa 24 yule mzima alirudi, na muda si mrefu wote wawili wakashika njia ileile, wakapanda ukuta, wakapotea upande wa pili. Darwin alilichukua tukio hili kuwa dalili kwamba hata wanyama wa namna hii wana kiasi fulani cha kushikamana kwa kudumu. Ukimsikiliza mfugaji anayetetea kununua konokono wa pili, hata kama hajawahi kumsoma Darwin, utasikia hadithi hiyohiyo: walikuwa wamelala pamoja, mmoja alipoondolewa mwingine akaacha kula, aliporudishwa wakaenda pembe moja ya sanduku.

Sasa tuupime ushahidi huo kwa kutenganisha kilichoonekana na kilichodhaniwa. Kilichoonekana ni kwamba mmoja aliondoka, akarudi, na wote wawili wakapita alipopita wa kwanza. Kilichodhaniwa ni kwamba aliporudi alitoa habari. Lakini kurudi kwa konokono hakuhitaji mgonjwa wa kumrudia. Mwaka 2010 kituo cha BBC Radio 4 kiliendesha shindano la utafiti kwa watu wasio wanasayansi, na mshindi akawa bibi mmoja wa Devon, Ruth Brooks, aliyetaka kujua kama konokono anaowatupa nje ya bustani yake wanarudi. Akawatia alama kwenye magamba, akawahamisha, nao wakarudi. Uchunguzi mwingine wa bustani uliochapishwa mwaka 2014 ukaishia na ushauri kwamba anayetaka kuachana nao awapeleke mbali zaidi ya mita 20. Konokono wana desturi ya kurudi walikolala, mwenza awepo asiwepo. Na yule dhaifu kufuata njia ya mwenzake nako kuna maelezo yake. Kutengeneza ute ni gharama kubwa kwa mwili wa konokono. Majaribio ya konokono wa ufukweni Uingereza yalionyesha kwamba anayepita juu ya mchirizi uliokwisha kuwekwa hutandika ute mwembamba zaidi kuliko anayefungua njia mpya. Ni kama mtu anayepita kwenye njia iliyokwisha kufyekwa: hajaitwa na aliyeifyeka, ila miguu yake imeona nafuu. Konokono mgonjwa katika bustani kavu, akikutana na mchirizi mbichi wenye harufu ya majani mazuri, ana kila sababu ya kuufuata. Nampenda Darwin kwa kuwa alikubali kumsikiliza mtu aliyekaa akitazama konokono siku nzima. Ila hapa alipewa tukio moja tu, na tukio moja halibebi neno zito kama kushikamana kwa kudumu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kuliko la Darwin, kwa sababu kila mtu anaweza kulihakiki kwa macho yake. Konokono hujikusanya. Mchana wa jua utawakuta chini ya gogo moja, kwenye ufa mmoja wa ukuta, wamebandikana gamba kwa gamba, ilhali magogo na nyufa nyingine ziko tupu. Kama hawapendani, wanafanya nini pale? Wanahifadhi maji. Mwili wa konokono hauna ngozi ya kuzuia maji yasitoke, na kiangazi kwake ni vita. Hujivuta ndani ya gamba, huziba mlango kwa utando wa ute unaokauka, na kusubiri mvua. Waliobanana hupoteza maji kidogo kuliko aliye peke yake juani, na ute wa waliotangulia ni tangazo kwamba mahali hapa pamewahi kumhifadhi mtu. Hii ni faida ya kweli, sikatai, na kama konokono wa shamba la Kilifi angeulizwa mwezi wa Januari angechagua kundi. Lakini ndani ya sanduku linalonyunyiziwa maji kila jioni faida hiyo imekwisha kutolewa na mfugaji. Kinachobaki ni mazoea ya kufuata ute na kutafuta pembe yenye kivuli, na kwa kuwa sanduku lina pembe nne tu, konokono wawili watakutana pembe moja mara nyingi mno bila kupatana miadi.

Yapo pia majaribio yaliyouliza swali letu waziwazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walimtenga konokono wa bwawani kwa wiki nzima kisha wakapima kama bado anaweza kujifunza na kukumbuka. Walichapisha matokeo mwaka 2011: kutengwa peke yake hakukuigusa kumbukumbu. Kilichoiharibu ni kinyume chake, yaani kusongamanishwa na wengi muda mfupi kabla ya somo. Nadhani hapa ndipo anayemhurumia konokono wake anapaswa kutulia kidogo. Na huko Amsterdam, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba konokono hao wa bwawani wanaweza kumtofautisha waliyekwisha kupandana naye na mgeni. Tungetaraji mpenda hadithi za mapenzi ashangilie: kumbe anamtambua mwenza wake! Anamtambua, naam, ila akishamtambua anamwacha na kumwendea mgeni. Utaniambia hao ni wa majini na wetu ni wa nchi kavu, na haki unayo; nami sidai kwamba matokeo ya bwawani yanahamia shambani bila kubadilika. Nadai tu kwamba mahali ambapo jambo hili limepimwa, upweke haukuonekana, na msongamano ukaonekana.

Kisa ambacho wapenzi wa konokono hukitaja zaidi ni cha Jeremy, na kwa kuwa kilianzia redioni, hatuwezi kukipita. Jeremy alikuwa konokono wa kawaida wa bustani aliyeokotwa London mwaka 2016 kwenye rundo la mboji, ila gamba lake lilijipinda kushoto, na viungo vyake vyote vimekaa upande usio wa kawaida. Konokono wengi, huyu akiwamo, ni dume na jike katika mwili mmoja, lakini bado huhitajiana ili kubadilishana mbegu, na mwenye viungo upande wa kushoto hapatani na mwenye viungo upande wa kulia. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Angus Davison, akaomba hewani kwamba mwenye konokono wa kushoto ajitokeze. Magazeti yakaandika habari za mpweke anayetafuta mchumba, na dunia ikasikitika. Wakapatikana wawili, Lefty wa mji wa Ipswich na Tomeu wa kisiwa cha Majorca, huyu wa pili akiwa ameponea chupuchupu kwenye sufuria. Wakawekwa pamoja. Lefty na Tomeu wakapandana wao kwa wao, wakazaa watoto zaidi ya 170, na Jeremy akabaki pembeni. Baadaye, Lefty aliporudishwa kwao, Jeremy alipandana na Tomeu, na muda mfupi kabla ya kufa kwake Oktoba 2017 wakapatikana watoto 56, theluthi hivi wakidhaniwa ni wake. Wote walijipinda kulia. Kutokana na vizazi hivyo na vingine, Davison na wenzake waliandika mwaka 2020 kwamba kujipinda kushoto kwa konokono hao kwa kawaida hakurithiwi. Ni ajali ya ukuaji ndani ya yai. Hayo ndiyo matunda ya kisa chenyewe. Habari ya moyo uliovunjika tuliitunga sisi wasomaji, na Jeremy, kwa kadiri mtu alivyoweza kuona, aliendelea kula.

Mwingine aliyehuzunikiwa sana ni George wa Hawaii, konokono mdogo wa mitini wa aina ya Achatinella apexfulva, wa mwisho wa aina yake duniani. Alizaliwa maabara, wenzake wakafa mmoja mmoja, akabaki peke yake kwa miaka mingi, akafa Januari 1, 2019, akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Alipewa jina hilo kwa kumkumbuka kobe maarufu wa Galapagos aliyeitwa mpweke. Msiba wa George ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa msiba wa aina nzima kufutika, na sababu zake ni misitu kukatwa, panya walioletwa na meli, na konokono walao nyama waliopelekwa huko na serikali. Kumwita mpweke kunatuliza dhamiri vibaya: tunamlilia mmoja kwa kukosa mwenza badala ya kuuliza nani aliwamaliza wenzake. Na maisha yake yale marefu katika kisanduku cha maabara hayakuonyesha kwamba kukaa peke yake kulikuwa kunamuua.

Mtu anaweza kusema: sawa, hana upweke, lakini kumwekea mwenza kuna ubaya gani? Ubaya wa kwanza ni mdogo na unarekebishika. Konokono wakisongamana hudumaa. Majaribio ya konokono wa bustani yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1979 yalionyesha kwamba wadogo waliojazana hukua polepole na kutembea kidogo, na wanaowafuga kwa ajili ya kitoweo Ufaransa na Italia wanalijua jambo hilo kwa hasara ya mifuko yao. Uchafu na ute uliotapakaa ni sehemu ya tatizo, hivyo sanduku kubwa na udongo unaobadilishwa hupunguza madhara. Kisha kuna chokaa. Gamba hujengwa kwa chokaa, na ikipungua konokono huanza kukwangua gamba la aliye karibu, wakati mwingine hadi kulitoboa. Mfugaji mgeni huona wawili wamepandana mgongoni na kupiga picha ya mapenzi, kumbe mmoja analiwa nyumba. Dawa yake ni rahisi: unga wa maganda ya mayai, au mfupa mweupe wa dome kama ule unaookotwa ufukweni kwetu, uwepo sandukuni wakati wote. Kuchanganya aina mbalimbali katika sanduku moja sikushauri kabisa. Kila aina ina joto lake na unyevu wake, na kinachomfaa mmoja humdhuru mwenzake.

Ubaya wa pili ndio mkubwa, nao ni mayai. Kwa kuwa kila konokono ni dume na jike, hakuna kusema nitaweka majike mawili. Wawili wowote waliokomaa, hata wakiwa na miezi sita au saba tu, ni wazazi watarajiwa, na wote wawili wanaweza kutaga. Konokono wetu huyu hutaga mamia ya mayai kwa mara moja, na wakala wa kilimo wa Marekani hukadiria kwamba kwa mwaka anafikisha mayai 1,200. Mbegu alizopokea anaweza kuzihifadhi mwilini kwa miezi mingi, kwa hiyo hata aliyenunuliwa peke yake dukani anaweza kutaga mayai yenye uhai bila mwenza kuonekana. Mayai hufukiwa udongoni, meupe au ya rangi ya malai, na yasipotafutwa huanguliwa katika wiki moja au mbili. Mfugaji mwangalifu hufukua udongo kila wiki, huyakusanya, huyaweka kwenye jokofu yagande kwa siku mbili tatu, ndipo huyatupa. Hapa huinuka pingamizi la watu wenye moyo laini: huo si ukatili? Najibu kwamba yai lililotagwa jana halina kiumbe anayehisi, na kwamba ukatili uko katika kuyaacha yaanguliwe kisha vifaranga mia tatu wakose nafasi, chokaa na mtu wa kuwachukua. Anayeona hawezi kugandisha mayai ana njia iliyo nyoofu zaidi, nayo ni kubaki na konokono mmoja mwenye umri mdogo ambaye hajakutana na mwingine.

Tumeona kinachotokea huruma inapokosa hesabu. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu. Bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye waliokwisha kukusanywa na kuhesabiwa walizidi 18,000, na kuwamaliza kuliendelea hadi mwaka 1975 kwa gharama iliyopita dola milioni moja za wakati ule. Mwaka 2011 wakaonekana tena Miami, na safari hii kazi ilichukua miaka kumi. Hadi ushindi ulipotangazwa Oktoba 2021, walikuwa wamekusanywa zaidi ya 168,000. Miezi tisa haikupita wakaibuka katika wilaya nyingine ya Florida, Pasco, na hao walikuwa na nyama nyeupe, rangi inayopendwa na wafugaji wa majumbani, ndiyo maana wakuu wa kilimo wakashuku kwamba chanzo ni mnyama wa kufugwa aliyetupwa au kutoroka. Mambo ya afya nayo yamo. Konokono aliyekula kinyesi cha panya anaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo ikimwingia binadamu husababisha homa ya uti wa mgongo. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, walikusanya kumbukumbu zilizokuwapo na mwaka 2023 wakaorodhesha vimelea 36 vinavyojulikana kubebwa na konokono hawa wakubwa, theluthi mbili vikiwa vya aina inayoweza kumpata binadamu. Aliyezaliwa sandukuni na asiyewahi kukutana na panya ana hatari ndogo sana. Hata hivyo mtoto anawe mikono kila anapomshika, na asimbusu, hata kama picha za namna hiyo zinapendwa.

Najua wapo wanaosikiliza huku wakitikisa kichwa: watu wanatafuta unga, huyu anazungumzia upweke wa konokono wa Wazungu. Nawaelewa, ila mnyama huyu ni wa kwetu, na safari yake imewagharimu watu maskini kuliko Waingereza. Alitoka Afrika Mashariki akafika Madagaska na Mauritius, na kutoka Mauritius mpenzi mmoja wa makombe na magamba, William Benson, alimpeleka Kolkata mwaka 1847. Kutoka hapo akaenea Sri Lanka, Asia ya kusini mashariki na visiwa vya Pasifiki, akila bustani za mboga za wakulima wadogo kila alipofika. Katika kisiwa cha Moorea, mwaka 1977, waliletwa konokono walao nyama ili wawale hawa wetu. Wakawaacha hawa wetu na kuwamaliza konokono wadogo wa mitini ambao hawakupatikana kwingine duniani, na kufikia mwaka 1987 hakuna aliyeonekana tena msituni humo. Mlolongo wote huo haukuanzishwa na mtu mwenye nia mbaya. Kila hatua kulikuwa na aliyempenda konokono, au aliyemwona atafaa kwa dawa au chakula, au aliyedhani mmoja wawili hawana madhara.

Kwa hiyo, mzazi unayeombwa na mwanao konokono wa pili, usianze kwa kumuuliza kama wa kwanza ana huzuni. Muulize ni nani atafukua udongo kila Jumamosi kutafuta mayai, na atafanya hivyo kwa miaka sita. Akiwa na jibu, na sanduku ni pana, na chokaa ipo, waweke wawili wa aina moja wanaolingana ukubwa, mfurahie kuwatazama. Furaha hiyo ni yenu, wala haina aibu. Asipokuwa na jibu, mmoja anatosha, na hajadhulumiwa. Mkimchoka, mpeni mfugaji mwingine, msimtoe nje. Na wewe unayepanda ndege kutoka Tanga au Malindi kwenda kuwaona wajukuu, usitie konokono mkobani kwa ajili ya kuwafurahisha. Marekani ni kosa kumwingiza, na hata kumfuga, bila kibali cha serikali. Uingereza, ambako kumfuga kunaruhusiwa, kumwachia nje ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981.